Vigae vinakatika kwenye picha ya digrii 360: usiilaumu programu

SWALI: Habari mtaalamu. Nipo Mwanga, Kigoma, nawapigia wenye gesti picha za digrii 360. Kamera yangu ni ya sensa ya APS-C, lenzi ni ya jicho la samaki ya milimita 8. Napiga 6 za kuzunguka, moja ya juu na moja ya chini, kisha naziunganisha ziwe picha moja (kushona) kwa programu ya Hugin. Ufukweni Kibirizi kila kitu kinakaa sawa. Nikiingia chumbani, vigae vinakatika na fremu ya mlango inavunjika. Jamaa mmoja anasema niweke pointi 100, zile alama za kuonyesha kitu kilekile katika picha mbili, kwa kila jozi ya picha. Mwingine anasema Hugin ni ya bure ndiyo maana, ninunue programu ya kulipia. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize yeyote kati yao. Swali lako lina jibu ndani yake: ufukweni inakubali, chumbani inagoma. Lenzi ni ileile na programu ni ileile. Kilichobadilika ni umbali wa vitu, na hao mabwana wawili hawakukuuliza habari ya umbali hata kidogo.

Kamera yako haizungukii mahali panapotakiwa. Chungulia lenzi kwa mbele, utaona kitundu cha mwanga ndani yake. Hicho ndicho jicho la kamera, na ndicho kinachotakiwa kukaa juu ya mhimili wa mzunguko. Skrubu ya stendi iko chini ya mwili wa kamera, nyuma kabisa ya kitundu hicho, kwa hiyo ukizungusha, jicho linatembea. Tuseme limepishana na mhimili kwa sentimita 1 tu. Kwa kila digrii 60 unazozungusha, linahama sentimita 1 nzima. Kigae kilicho mita 1 kutoka kwenye lenzi kitaruka karibu pikseli 13 katika picha yenye upana wa pikseli 8000. Mtumbwi ulio mita 100 hauruki hata pikseli moja, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ndiyo kabisa. Kibirizi ilikusamehe, haikukupasisha.

Sasa hizo pointi 100. Picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti zinaonyesha vyumba viwili tofauti: katika moja, mguu wa kitanda umefunika ufa wa kigae, katika nyingine ufa uko wazi. Pointi haziwezi kuufunika wala kuufunua. Programu inachofanya ni kuligawa kosa: inavuta sakafu, ukuta uliokuwa umenyooka unapinda, nawe unaongeza pointi nyingine ukutani. Pointi 15 hadi 25 zilizotawanyika vizuri zinatosha. PTGui, mojawapo ya hizo programu za kulipia, ni nzuri, lakini kwa picha hizohizo nayo itaugua ugonjwa uleule.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha. Futa pointi zote za sakafuni na za fanicha ya karibu, bakiza za kuta za mbali na za nje ya dirisha, kisha kokotoa upya. Kama vya mbali vimekaa ndani ya pikseli 1 au 2 na vigae bado vimekatika, ni jicho linalotembea. Kama hata vya mbali vinapishana, angalia kwanza kama stendi ilisogea, kama pete ya fokasi iliguswa (ifunge kwa selotepu), au kama umeiambia programu kwamba lenzi ni ya kawaida badala ya jicho la samaki.

Marekebisho yenyewe yanataka kichwa cha panorama chenye reli mbili, yaani kifaa cha juu ya stendi kinachokuwezesha kusogeza kamera upande kwa upande na mbele na nyuma. Fundi alumini mzuri anaweza kukutengenezea, mradi kisicheze. Anza na upande kwa upande: elekeza kamera chini wima, zungusha; skrubu ya mhimili lazima ibaki katikati ya fremu. Kisha mbele na nyuma. Simamisha kamera karibu na nondo ya dirisha, kama sentimita 50, na nyuma yake tafuta nguzo ya umeme ya mbali. Zipange zifuatane, halafu zungusha kamera kulia na kushoto. Ukizungusha kulia na nondo ikakimbilia kushoto ya nguzo, jicho liko mbele ya mhimili: rudisha kamera nyuma. Ikienda kulia, sogeza mbele. Endelea milimita kwa milimita mpaka itulie, kisha chora alama kwenye reli.

Hapa ndipo wengi wanaojiita wataalamu wanapoanguka. Kwenye lenzi ya jicho la samaki kitundu hakitulii sehemu moja. Kinahama kadiri unavyotazama pembeni. Kwa hiyo usipime kwa kuilinganisha nondo katikati ya fremu. Pima pale mshono utakapokaa: kwa picha 6 ni digrii 30 kutoka katikati, kila upande; kwa picha 4 ni digrii 45. Ukibadilisha idadi ya picha, pima upya. Anayekuuzia karatasi ya vipimo vya lenzi zote bila kukuuliza unapiga picha ngapi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mengine ni mepesi: panga kila kitu mwenyewe (manual) ili mwanga na rangi visibadilike, tundu la lenzi f/8, fokasi kama sentimita 40, utapata ukali kuanzia sentimita 20 hadi mwisho wa macho. Feni izimwe. Picha ya chini inayopigwa stendi ikiwa imeondolewa itashikana kwa sababu sakafu ni bapa. Kiti kikiwa juu ya sakafu hiyo hakitashikana.

Na wenye gesti mnaolipia kazi hizi, siku hizi kuna wanaoziba mivunjo kwa brashi au kwa akili mnemba inayobuni vigae visivyokuwepo, na wengine wanabandika nembo ya duara sakafuni. Nembo ya kuficha miguu ya stendi ni ndogo. Ikiwa pana kama sinia la pilau, mwambie aiondoe kabla hujatoa hela, mtazame wote kilichopo chini yake.