Tuambieni bei yake na fedha zitatoka wapi

Mmeuliza wiki hii: vyama vya upinzani vifanye nini ili vipigiwe kura kwa sera zao, badala ya kungoja wananchi waichoke serikali? Mimi nasema chama kichague jambo moja au mawili, kiyapigie hesabu hadi shilingi ya mwisho, kisha kiyaseme mwaka hadi mwaka, uchaguzi uwepo usiwepo.

Tazameni Ghana. Nana Akufo-Addo, mgombea urais wa chama cha NPP, aliahidi sekondari bure mwaka 2008, akashindwa. Akarudi nayo 2012, akashindwa tena, huku akiambiwa haitekelezeki. Mwaka 2016 akaja na ahadi ileile, akashinda kwa karibu asilimia 54, na Septemba 2017 watoto wakaanza kuingia bila ada. Sisemi ni ahadi hiyo peke yake iliyomwingiza ikulu. Uchumi ulikuwa umebana na watu walishachoshwa na mgawo wa umeme. Lakini kufikia mara ya tatu, nani alihitaji kuelezwa NPP inataka nini? Walipopungukiwa ni kwenye hesabu: mwaka 2018 nafasi hazikutosha, wanafunzi ikabidi wasome kwa zamu.

Hapa kwetu CHADEMA walikuwa na mtaji kama huo. Mwaka 2007 Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi pale Mwembeyanga, Temeke, na nchi ikamsikiliza. Alipogombea urais 2010 hakuja na orodha tu, alikuja na elimu bure. CCM wakasema haiwezekani. Akapata zaidi ya robo ya kura. Miaka mitano baadaye elimu bure ikawa ndani ya ilani ya CCM, na Januari 2016 serikali ya Magufuli ikaanza kupeleka zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi.

Wapinzani walilalamika kuwa wameibiwa sera. Mimi naona tatizo lilikuwa kwingine. Mwaka 2015 walimpokea Edward Lowassa kutoka CCM awe mgombea wao wa urais, yeye aliyejiuzulu uwaziri mkuu 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na kampeni nzima ikawa mtu na neno "mabadiliko". Kura zilipanda hadi karibu asilimia 40, sikatai. Ila mabadiliko yale yangegharimu kiasi gani, na nani angelipa, hata waliokesha wakilinda kura hawakukuambia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo mfano wangu ni wa huko. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002 ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kama dola 10 za wakati ule. Elimu bure ilipoanza 2016 bado ilikuwa 10,000, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Ndiyo maana kikao cha wazazi hakiishi bila mtu kusimama na kuuliza: "Hii elimu bure gani, mbona mlinzi tunamlipa sisi?"

Sasa chama makini kije kwenye kikao hicho na karatasi moja. Watoto wa shule za msingi nchini wanazidi milioni 10. Kupandisha ruzuku kutoka 10,000 hadi 25,000 ni kama bilioni 150 na ushee kwa mwaka, katika nchi ambayo bajeti yake ya 2024/25 ilipita trilioni 49. Kisha kitaje fungu lipi litakatwa. Hapo ndipo wengi hukwepa, maana kila fungu lina wenyewe. Bajeti mbadala za kambi ya upinzani bungeni zilikuwa na hesabu za aina hii. Tatizo zilibaki Dodoma, kwenye makabrasha ambayo mama muuza vitumbua hajawahi kuyaona.

Mtaniambia uwanja haukuwa sawa. Ni kweli. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, na 2025 CHADEMA hawakuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Sera nzuri haivuki kizuizi cha aina hiyo, na asiyekiri hilo anatudanganya. Lakini bajeti husomwa kila Juni, na hakuna tume inayotakiwa kumteua mtu ndipo akae na wazazi na kuwaonyesha ruzuku ya mtoto wao inaishia wapi.