Korongo amesimama au limesimama?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la tano hapa Ujiji. Kwenye insha aliandika "Korongo limesimama majini", akakosolewa. Mimi nipo upande wa binti. Ndege yule ni mkubwa mno, kumwita "huyu" kama shomoro naona haiji. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Aliyemsahihisha binti yuko sawa. Yapo maneno mawili yanayoandikwa "korongo". La kwanza ni lile bonde ambalo maji ya mvua hulichimba, kama haya ya kwenye miteremko ya Kigoma, au lile maarufu la Oldupai. Hilo ni LI-YA: korongo refu limebomoka. La pili ni ndege, na kwa kuwa ana uhai hufuata A-WA: korongo mrefu amesimama. Ukiniambia "makorongo mengi" nitaangalia ninapokanyaga. Ukisema "makorongo wengi" nitaangalia mtoni.

Hoja yako ya ukubwa haikutoka hewani. Tunasema "joka lile", "jitu hili". Lakini hapo nomino yenyewe imekuzwa: nyoka kawa joka, mtu kawa jitu. Korongo hajakuzwa, ni jina lake la siku zote, kwa hiyo urefu wa miguu haumwondoi kwenye A-WA. Tembo naye ni "huyu".

Na kweli ni mkubwa. Nilimtazama mmoja Ilagala, kwenye mto Malagarasi, yule mwenye kichwa na shingo rangi ya kahawia iliyoiva na mgongo wa kijivu. Hao hufika karibu mita 1.5 kwa kimo, na katika jamaa yao hakuna anayewazidi. Maji yalimfika juu ya magoti. Alikaa kimya hadi nikachoka mimi, kisha shingo ikafyatuka mara moja, akainuka na kambare mdomoni. Siri iko kwenye pingili ya sita ya shingo: ni ndefu kuliko nyingine, ndiyo inayoipa shingo kile kikunjo cha S na nguvu ya kufyatuka.

Kikunjo hicho kinatusaidia hata kwenye msamiati, maana jina korongo tumewabebesha ndege wengi wa miguu mirefu. Mtazame akiruka. Huyu wa Ilagala hukunja shingo; wale wa mashambani wenye midomo minene, wanaokuja kufuata nzige, huinyoosha mbele. Ni ukoo mwingine kabisa. Yangeyange, wale weupe wanaoandamana na ng'ombe ili wadake panzi wanaokurupushwa na kwato, ni wadogo lakini ni ndugu wa damu wa huyu wa mtoni, nao hukunja.

Binti aandike hivi: "Korongo amesimama majini, shingo ameikunja." Akitaka "limesimama", basi lori limesimama.