Maswali ya Wasomaji: Mabomba ya Stenlesi na Chumvi ya Pwani

SWALI: Bwana fundi, assalaam alaykum. Mwaka jana niliweka vyuma vya kushikia ngazini na kwenye sakafu ya paa la nyumba yangu ya wageni hapa Shela, vyote vya mabomba ya stenlesi namba 304, kwa kuwa niliambiwa kwamba hayashiki kutu kabisa. Msimu wa Kusi haukuisha kabla hayajaingia madoa ya rangi ya chai, na palipochomelewa ndipo palipozidi. Fundi mmoja ananiambia niyasugue kwa tindikali ya kusafishia vigae, wa pili anataka atumie brashi ya waya, na wa tatu anasema tuyapake rangi yaishe. Nifuate lipi? – Msomaji, Shela, Lamu.

JIBU: Wa alaykum salaam. Nakuomba usifuate hata moja kati ya hayo matatu, na sababu nitakueleza, ila kwanza tuelewane kuhusu kinachoilinda stenlesi. Chuma hiki kimechanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hujifanyia ngozi nyembamba mno, ya nanomita chache tu, ambayo jicho haliioni. Ngozi ikikwaruzwa hujiponya yenyewe, mradi pawe safi na hewa ifike. Adui yake mkubwa ni kloridi iliyomo katika chumvi, na kwenu Shela chumvi hiyo inaletwa na upepo usiku na mchana. Bomba la 304 lina kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8 hivi, lakini halina madini ya molibdenamu, ambayo katika stenlesi ya namba 316 huwa asilimia 2 hadi 3 na ndiyo inayosaidia kuizuia kloridi isitoboe. Kwa nyumba inayotazama bahari ningekushauri 316 tangu mwanzo. Hata hivyo, usiyang'oe mabomba yako, kwa maana hata 316 ikiachwa na ngozi mbovu hupata madoa yaleyale.

Palipochomelewa pamezidi kwa sababu ya moto. Bila shaka uliona pete za rangi ya majani makavu, zambarau na buluu kando ya kila kiungo. Rangi hizo si pambo: ni tabaka nene la oksidi ambalo limeinyonya kromiamu kutoka kwenye chuma kilicho chini yake, hivyo pale ngozi ya kinga ni dhaifu kuliko kwingine kote. Huenda pia fundi alitumia jiwe la grenda ambalo jana yake lilikata geti la chuma cha kawaida, na vumbi la chuma hicho likajipachika kwenye stenlesi na kuota kutu. Jambo la tatu ni ukwaruzo. Uso uliosagwa kwa msasa mkali ukaachwa hivyo hivyo una mifereji midogo inayohifadhi chumvi na umande, na ndiyo maana katika majengo ya pwani hutakiwa uso wenye ukwaruzo usiozidi mikroni 0.5 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Sasa tazama ushauri uliopewa. Tindikali ya vigae kwa kawaida ni asidi ya haidrokloriki, yaani ni kloridi yenyewe unayoikimbia, nayo itaitafuna ngozi na kuacha vishimo ambavyo havifutiki. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida itaongeza vumbi lile lile lililoleta kutu. Rangi nayo haishiki vizuri juu ya uso laini, na ikianza kubambuka maji ya chumvi hukaa chini yake mahali ambapo hewa haifiki, kisha kutu huendelea kwa siri.

Viwandani, mabomba yaliyochomelewa huchovywa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya haidrofloriki, ambao hula lile tabaka lililoungua pamoja na chuma kilichopungukiwa kromiamu. Iko pia dawa ya kupaka ya aina hiyo kwa viungo tu. Inafanya kazi barabara, lakini sitaki kabisa itumike juu ya paa lako. Asidi ya haidrofloriki hupenya ngozi ya mtu, hushambulia kalsiamu mwilini na inaweza kuua, na anayeitumia ni lazima awe na mavazi kamili, mafunzo, na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu yake. Tena vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotumiwa na mji wa Lamu. Tindikali itakayomwagwa kwenye mchanga huo haiendi mbali na vinywa vyetu. Jambo hili naliona zito kuliko uzuri wa chuma chochote.

Kwa hiyo fanya hivi. Rangi za moto ziondolewe kwa msasa mpya ambao haujagusa chuma kingine, kuanzia namba 120, kisha 180, 240 na 320, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Kwenye nguzo zilizosimama, msasa wa mwisho upite kutoka juu kwenda chini, ili mvua iteremke na chumvi badala ya kuiacha kwenye mistari ya mviringo. Baada ya kuosha mafuta yote kwa sabuni, paka maji yenye asidi ya sitriki, ile ya unga iliyo katika malimau, kwa kipimo cha asilimia 4 hadi 10 ya uzito. Katika joto la kwetu, uso uendelee kulowa kwa muda usiopungua dakika 20. Asidi hiyo huondoa vumbi la chuma bila kuidhuru stenlesi na kuiachia ngozi nafasi ya kujijenga upya, lakini haiwezi kuondoa rangi za moto, na ndiyo maana msasa hutangulia. Maji ya kazi hiyo yakinge kwenye ndoo. Suuza kwa maji matamu mengi, kisha lowesha na kukausha mara kadhaa kwa siku nzima. Panapotokea nukta ya kutu, rudia hapo. Baadaye vyuma vioshwe kwa maji matamu na sabuni kila wiki wakati wa Kusi, na visiguswe na dawa za klorini.

SWALI: Natengeneza mabomba ya kupitishia juisi ya maembe. Je, upande wa ndani niupulizie mchanga au niutafutie ung'arishaji wa umeme? – Fundi, Malindi.

JIBU: Ndugu fundi, mchanga wa ufuoni una chumvi, na vumbi la mchanga huharibu mapafu ya anayeupulizia. Punje za kioo hutoa uso mzuri usiong'aa, lakini ni kwa nje. Upande unaogusa chakula kwa kawaida hutakiwa usizidi ukwaruzo wa mikroni 0.8. Katika kung'arisha kwa umeme, bomba hufanywa ncha chanya ndani ya asidi ya salfuriki na fosforiki, na umeme huyeyusha vilele vidogo haraka kuliko mabonde. Kwa upande wa ndani ni lazima ncha hasi ipitishwe katikati ya bomba. Matokeo yake ni bora, ila mkwaruzo mzito au mshono mbaya hautafichika. Anza na uchomeleaji: jaza gesi ya agoni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea, ili mshono usiungue upande ambao mkono wako hautaufikia tena.

SWALI: Sumaku inashika kidogo kwenye kona za bomba langu. Nimeuziwa bandia? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Si lazima. Stenlesi ya 304 ikikunjwa ikiwa baridi hupata usumaku kidogo, na mshono wa kuchomelea pia. Sumaku ikishika kwa nguvu bomba zima, huenda ni 430, ambayo ni stenlesi isiyo na nikeli na haifai karibu na bahari. Kati ya 304 na 316 sumaku haitakusaidia. Mwombe muuzaji cheti cha kiwanda, ulinganishe namba yake na ile iliyoandikwa kwenye bomba.