Nimekataa kusaini mifuko hewa, sasa naitwa Mtakatifu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mama Mchungaji. Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Mwezi wa tatu ilishushwa saruji mifuko 260, msaidizi wa bosi akaniambia niandike 300, nikagoma, mimi nimeokoka siwezi. Toka siku hiyo naitwa Mtakatifu, chai ya saa nne wanakunywa bila kuniita, likizo yangu imepigwa chini na nimehamishiwa nyuma kupima misumari. Siku moja nilichoka nikawaambia mbele ya wateja nyie wote wezi na jehanamu inawasubiri. Mume wangu anasema si usaini tu, kwani Yesu ndo atatulipia kodi? Kikundi cha maombi wanasema nivumilie ndo msalaba wangu. Nikiacha kazi nitakuwa nimemkana Kristo?
Dada wa Stoo, Tabata

JIBU: Amina mwanangu, na pole sana. Naanza na ambalo hutalipenda. Ile ya kuwaita wezi mbele ya wateja, yaliyokupata baada ya hapo usiyahesabu mateso ya Kristo, hayo umejitakia. Petro kwenye waraka wa kwanza sura ya 4 anasema mtu asiteswe kama muuaji au mwizi, hapo kanisani tunaitikia amina kwa nguvu, ila mstari huohuo wa 15 unamalizia na yule anayejiingiza kwenye mambo ya watu, hapo sauti zinashuka. Najua maana yalinikuta. Enzi naajiriwa nilikuwa nafungulia kwaya ofisini toka saa mbili asubuhi, watu wakininuna nasema napigwa vita sababu ya wokovu, mpaka kaka mmoja Muislamu tuliyekuwa tunakaa meza moja akaniambia kwa upole, dada shida sio Yesu wako, shida hiyo redio. Nikapunguza sauti, vita ikaisha siku hiyohiyo.

Lakini kugoma kusaini mifuko 40 ambayo haipo ni kitu kingine kabisa, hilo usilijutie hata dakika moja.

Sasa hilo la kuondoka. Mwaka 1977 Uganda, maaskofu wa Anglikana walimwandikia Idi Amin barua wakilalamikia watu kuuawa na kupotea, na angalia walivyofanya, walimwandikia mwenyewe mhusika, hawakwenda kumtukana sokoni. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, serikali ikatangaza wamekufa kwa ajali ya gari, kumbe ni risasi. Kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi la Luwum lilishachimbwa na mwili haukuletwa, watu wakaimba pembeni ya kaburi tupu. Mwenzake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, yeye na mkewe walikimbia, wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda, huko nje akawa anasema wazi amemsamehe Amin, na Amin alipoanguka 1979 akarudi kwa watu wake. Haya niambie, kati ya hao wawili nani alimkana Kristo? Na Paulo aliyeshushwa ukutani Dameski ndani ya kapu usiku, yeye je? Yesu mwenyewe alisema wakiwaudhi mji huu kimbilieni mwingine, Mathayo 10:23. Kwahiyo hao wa kikundi cha maombi (naona hawajawahi kudaiwa kodi) wasikufunge mnyororo ambao Bwana hajakufunga.

Ila usiache kazi kesho asubuhi kwa hasira. Paulo alipokuwa karibu kupigwa mijeledi hakukaa kimya eti anabeba msalaba, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi kabla hajahukumiwa, jemadari akaogopa. Na wewe una sheria. Ukifukuzwa, una siku 30 kupeleka malalamiko CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hata ukiacha mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, sheria inaweza kuhesabu kuwa umeachishwa, lakini huko wanataka ushahidi sio machozi. Likizo iombe tena kwa maandishi, ubaki na nakala. Na wale uliowatukana kawaombe radhi kwa lile la jehanamu tu, la mifuko usilirudishe nyuma hata kidogo.

Mumeo naye usimkemee kama pepo, baba wa watu anaogopa mwenye nyumba. Kaeni mpige hesabu mnaweza kuishi miezi mingapi bila mshahara wako, huku unatafuta kwingine kimyakimya.

Halafu nunua kaunta buku, uandike tarehe, mzigo uliouona unashushwa, idadi, nani alikwambia nini. Anza na ile mifuko 260 kabla hujasahau, na daftari lilale kwako Tabata, usiliache stoo.