Kodi ya majengo, vyumba viwili vya uani na fungu la mjane

SWALI: Sheikh, mimi ni mjane, sina kipato. Nakaa katika nyumba aliyoiacha marehemu mume wangu. Watoto wetu watatu wa kiume wana kazi zao. Nyumba imethaminiwa upya, kodi ya majengo imepanda. Taka hazizolewi, taa ya barabarani imezimika siku nyingi. Ustadhi mmoja katuambia kodi hii ni maks, yaani ushuru uliokemewa katika hadithi, kuilipa haramu. Nikivificha vyumba viwili vya uani nisiviandikishe, nina dhambi?

JIBU: Pole sana, mama yangu. Swali lako limeninyima usingizi, na zaidi ni kwa hayo ya ustadhi.

Hadithi ya “Haingii Peponi mtoza maks” imo katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daud. Lakini wanavyuoni wameieleza kuwa ni ushuru wa dhulma, waliokuwa wakinyang’anywa wafanyabiashara njiani na masokoni. Isitoshe, kemeo ni la mtozaji! Limehamiaje kwa mlipaji? Aliyeporwa naye aandikiwe dhambi ya kuporwa? Huku ni kuisoma hadithi kichwa chini.

Imam Shatibi, mwanachuoni wa Granada, Hispania ya Waislamu, aliruhusu watu watozwe mali kujenga ukuta wa mji, maana ukuta unawalinda wote. Mwalimu wake Ibn Lubb alimpinga, kwa hiyo suala lina khilafu, yaani tofauti ya rai, ya wakubwa. Si la kukatwa kwa neno moja barazani. Mtaro na jaa vina tofauti gani na ukuta?

Ila walioruhusu waliweka masharti. Kabla ya vita vya Ayn Jalut dhidi ya Wamongolia (1260), mwanachuoni Izzuddin bin Abdissalam alimwambia Qutuz, sultani wa Misri: hazina iwe tupu kwanza, na maamiri watoe mapambo yao ya dhahabu, ndipo raia waguswe. Halmashauri inayochukua kodi na kuacha taka zikioza mlangoni pako imekula amana, na itaulizwa.

Vyumba usivifiche. Utatia saini chini ya uongo, na mwanachuoni Ibn Taymiyya alikwisha onya kwamba mtu akikwepa mzigo waliotwishwa watu kwa pamoja, fungu lake huwaangukia wenzake. Badala yake, pinga uthamini kwa maandishi kabla muda haujapita, omba nafuu ya wajane kama sheria ya kwenu inaitoa, au ulipe kidogo kidogo. Kila risiti iweke.

Sasa nikuulize ambalo hukuuliza. Mirathi imegawanywa? Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni. Sehemu saba katika nane za nyumba hiyo ni za wanao, na warithi wengine kama wapo, na kodi ya majengo hubebwa na wenye mali, kila mtu kwa fungu lake. Mbona yote imekuwa juu yako? Tena mama asiye na kitu, nafaka yake, yaani matunzo yake, ni wajibu kwa watoto wenye uwezo, si hisani. Waite wote watatu siku moja, uwasomee jibu hili. Wakibisha, wape namba yangu.