Gari la kulala Kundelungu: hesabu magodoro kabla ya viti

Ndugu, umeuliza mambo matatu: mwezi gani unafaa kupanda Kundelungu, hifadhi ya taifa huku kwetu Katanga, Kongo, na familia, kama Noah yako ikitolewa viti inaweza kuwa gari la kulala, na kama mtatoshea watu sita, yaani wewe, mama watoto, watoto watatu na mama mkwe. Mimi nimepanda mara mbili na Hiace niliyoitengenezea vitanda hapa hapa Lubumbashi. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu, ya pili afadhali. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndilo litakaloivunja safari.

Umehesabu viti. Rudi uhesabu malazi. Hiace yangu mchana inabeba watu tisa na bado wanacheka. Usiku, magodoro yakishatandikwa, inalaza wakubwa wawili na watoto wawili, na wa tatu kama bado ni wa kujikunja miguuni. Mama mkwe humo hana pahali, na hata angekuwa napo, wewe ungelala wapi? Heshima ya buko, yaani ya ukwe, unaijua. Mkwe hajinyooshi godoroni huku mama wa mke wake yuko umbali wa mkono, halafu usiku wa manane amruke akitafuta mlango. Mimi nilijifanya mtu wa kisasa, nikasema safari ni safari. Usiku wa kwanza mama mkwe alikaa kiti cha mbele, amejifunga blanketi mpaka masikioni, akidai hana usingizi. Mimi nilikaa nje kando ya moto nikidai nalinda gari. Tukakesha hivyo, kila mmoja na uongo wake.

Safari ya pili nilinunua hema la watu watatu. Nikalala humo na kijana wangu mkubwa, gari tukawaachia mama mkwe, mama watoto na wadogo. Watu wakalala mpaka jua likapanda. Katika vitu vyote nilivyonunua, hema ndilo lililokula pesa kidogo, na ndilo singeliacha nyumbani tena.

Sasa baridi, maana nayo ni habari ya malazi. Hapa mjini tuko kwenye mita kama 1,200, na usiku wa Juni tunatetemeka ndani ya nyumba za matofali. Uwanda wa juu wa Kundelungu unafika mita 1,700 hivi. Toa digrii tatu nyingine, ongeza upepo, kwani kule juu ni nyasi tupu, huna mti wa kujikinga. Bati la gari linapoa upesi kuliko ukuta. Na watu watano wakipumua ndani ya gari lililofungwa vioo vyote, alfajiri maji yanatiririka kwenye madirisha na blanketi zimelowa. Acha vioo viwili wazi upana wa vidole viwili, kila upande kimoja. Utaona kama unaingiza baridi, lakini blanketi kavu ndiyo inayopasha. Chini ya godoro weka mkeka au katoni, maana baridi kali inatoka kwenye sakafu.

Wazo la kuingiza mbabula, yaani jiko la makaa, usilipe nafasi hata kidogo. Nkambo (babu) wetu, Mungu amlaze pema, aliwahi kushauri tuingize makala, yaani makaa, yaliyoiva vizuri, yasiyotoa moshi tena, tupashe ndani kidogo kisha tutoe. Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua. Hewa yake haina harufu wala haiwashi macho; mtu anasinzia na haamki. Nyumba kubwa tu zimepoteza watu kwa njia hiyo, sembuse gari. Mbabula inabaki nje, na usiku isisogezwe karibu na mlango hata ikionekana imezimika. Mkitaka joto, chemsheni maji, tieni kwenye chupa ngumu, zungushieni kitambaa, kila mtoto alale na yake miguuni.

Maji: mimi napiga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika tu. Watu sita kwa siku tatu ni lita 90, yaani kilo 90. Wengi wetu tunazifunga bido, yaani madumu ya maji, juu ya gari ili ndani pabaki nafasi. Nilifanya hivyo. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko gari liliinama kama mlevi, mama watoto akasema tushuke tutembee. Bido zikae chini, katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Juu weka magodoro na hema. Mkiteremka, tumia gia ndogo, usikalie breki njia nzima. Breki ikichemka inakuwa kama huna.

Kuna jambo moja sijaona mtu akiliandika, na linahusu magari yetu mengi yanayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Usukani uko kulia, sisi tunaendesha kulia. Basi ukitaka kulipita lori la shaba njia ya Likasi, huoni kitu. Anayekaa kushoto ndiye macho yako, kwa hiyo asiwe mtoto wala mtu wa kusinzia. Lakini hatari ninayoiogopa zaidi ni mlango wa kusukuma. Kwenye gari hizo uko kushoto, maana yake kwetu unafunguka katikati ya barabara. Watoto waliochoka kukaa wanaruka nje kabla hujazima injini. Mimi nimeweka sheria: mlango unafunguliwa na mtu mzima aliyeshuka kwanza, na gari linaacha barabara kabisa.

Kuhusu mwezi. Watu watakuambia kiangazi, nenda Agosti, njia kavu. Njia kavu ni kweli, ila mnapanda kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanayodondoka zaidi ya mita 300, na kiangazi kikiendelea maji hayo yanapungua sana. Tena Agosti nyasi zinaungua kila upande, mnarudi na moshi machoni. Ukienda Februari maji ni mengi lakini tope litakuweka wiki nzima. Mimi nachagua Mei mwishoni mpaka katikati ya Juni: mvua imekatika, udongo umeshika, mto bado una nguvu. Baridi utalipa, ndiyo maana nimeiandika kwa urefu.

Kabla ya kuondoka pita ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira, ndiyo inayosimamia hifadhi hiyo tangu zamani, ulizia malipo, njia inayopitika wiki hiyo na mlinzi wa kuongozana nanyi. Usalama nao uulize siku chache kabla, usitegemee habari za mwaka jana. Na usishawishike kusogea mpaka upande wa Mitwaba, kule kaskazini, kwa sababu tu tanki bado lina mafuta.

Chakula sitakuchosha. Maharage yapikeni nyumbani yakawe tayari, kwa sababu kwenye mita 1,700 maji yanachemka karibu na digrii 94 badala ya 100, mtamaliza makala na bado yanagonga meno. Bukari (ugali) haina shida. Ndakala kavu, vile visamaki vidogo, hazina shida. Munkoyo, kinywaji chetu cha kuchachushwa, beba siku ya kwanza tu, unaendelea kuchacha njiani na chupa ikifungwa sana inalipuka. Hiyo nayo nimeijaribu, ndani ya gari. Ndoo yenye kifuniko na mfuko wa majivu kwa haja za usiku, hasa kwa ajili ya wazee, msione haya.

Noah sasa. Iko chini mno. Njia ikishaacha lami kuna mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, utapasua tanki la oili mahali ambapo simu haishiki. Tafuta Hiace inayoendeshwa na magurudumu yote manne au Land Cruiser ya kukodi, na kabla ya kulipa chochote laleni humo usiku mmoja uani kwenu, wote sita, na hema limesimama. Asubuhi mama mkwe atakuambia ukweli, au atakaa kimya, na utaelewa.

Vitanda vyangu vya kwanza vilitengenezwa na fundi mmoja aliyechomelea miguu kwa vyuma vyembamba, vikakunjika siku ya kwanza. Ukitaka vipimo, karatasi ya fundi wa pili ninayo. Ya yule wa kwanza niliwashia mbabula.