Kabla hujajaza ile fomu ya "unataka kuwa nani"

Ile fomu naikumbuka kama jana. Tulikuwa tunakaribia kumaliza shule, mwalimu wa ushauri nasaha akaingia darasani na bunda la karatasi, akagawa, akasema tuandike kazi tatu tunazozitaka na tukusanye kabla kengele haijalia. Mi namba moja nikaandika mhasibu, kwa sababu hesabu nilikuwa nafaulu na nyumbani walishasema huyu atakuwa mhasibu, wakati sikuwahi hata siku moja kumuona mhasibu akiwa kazini. Mwalimu akaangalia alama zangu, akasema sawa, kaza hapo hapo. Huo ndo ushauri wote niliopata shuleni.

Simlaumu, alikuwa na vipindi vyake na wanafunzi kibao. Ila hii kazi ya kushauri vijana ni ya zamani sana. Mwaka 1908 kule Boston, Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na alichosisitiza ni kwamba kwanza mtu ajijue mwenyewe, pili azijue kazi zenyewe zilivyo, alafu ndo akae aone hivyo viwili vinaendanaje. Sisi tulirukia mwisho, yaani tulichagua bila kujijua na bila kuijua kazi, na mpaka leo naona shule nyingi zinafanya hivyo hivyo, alama za mtihani ndo zinageuzwa kuwa ushauri.

Basi nikasoma, nikaajiriwa, na mwaka wa kwanza ulinitesa. Kila Jumapili jioni tumbo linavurugika nikiiwaza Jumatatu. Ripoti zangu zilikuwa zinarudi zimezungushiwa kalamu nyekundu, hakuna neno hata moja la kunielekeza, nakisia nimekosea wapi, narudia, inarudi tena. Nikajiambia mi hii kazi siiwezi, nilichagua vibaya.

Alafu akaja msimamizi mpya, mama mmoja mtulivu sana. Siku ya tatu akavuta kiti akakaa pembeni yangu, akashika ile ripoti akaniuliza, "Hii anaisoma nani?" Nikanyamaza. Mwaka mzima naandaa ripoti na sijui nani anaisoma! Akachukua karatasi akaniandikia nani anaitumia, anaamulia kitu gani, na anaihitaji siku gani. Kuanzia hapo kila Ijumaa tulikuwa tunakaa kama dakika kumi, ananionyesha kilichokaa vizuri na cha kurekebisha. Ndani ya wiki chache makosa yakapungua kabisa, na elimu yangu ilikuwa ni ile ile.

Ndo maana nikisikia kijana anaambiwa hafai kazini naumia, maana mara nyingi hajaambiwa kinachotakiwa, au hana vifaa, au hakuna anayemrekebisha mapema. Frederick Herzberg na wenzake walitoa utafiti mwaka 1959, waliongea na wahasibu na mainjinia kama 200 hivi, na walichokiona ni kwamba vitu kama mshahara, usimamizi na mazingira vikiwa vibaya vinamkera mtu, lakini hata vikiwa vizuri sio vyenyewe vinavyompa mtu moyo, moyo unatoka kwenye kazi yenyewe, kufanikisha kitu, kutambuliwa, kupewa jukumu. Utafiti huo umekosolewa sana baadae, ila mi kwangu nimeyaona yote mawili. Kero zilipoondoka ndo nikaweza kujiangalia vizuri, nikagundua ninachokipenda ni kumuelewesha mtu zile namba, kuziingiza tu kwenye kompyuta siku nzima hapana. Nikaomba kuwafundisha wafanyakazi wapya, na ndo kazi ninayoifanya hadi sasa.

Kwa hiyo mdogo wangu ambae uko kazini na mambo hayaendi, usikimbilie kuacha kazi wala kujiona mjinga. Muulize bosi wako kwa adabu, kazi nzuri kwake inaonekanaje, alafu omba akuonyeshe moja iliyofanywa vizuri. Ukishapata hayo yote na bado roho haipo, hapo sasa una haki ya kufikiria kuhama.

Na walimu wangu, nawaomba sana, mkialika wageni msilete wakurugenzi peke yao, leteni na aliyeanza kazi juzi juzi, bado anakumbuka kilichomshtua. Wazazi nao, mtoto akikwambia anataka kazi fulani mtafutie mtu anayeifanya, akakae nae hata nusu siku.

Mwaka jana nilialikwa kuongea na wanafunzi, nikajiandaa na maneno mengi ya kuhamasisha. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Jana kazini ulifanya nini, kuanzia asubuhi?" Nikaweka karatasi zangu chini nikamsimulia, simu nilizopiga, masaa mawili ya kutafuta kosa moja kwenye faili, kijana niliyemuelekeza jambo lile lile mara tatu mpaka akashika. Akawa anaandika kila kitu kwenye daftari lake. Nilipomaliza akainua kichwa akauliza, "Na juzi?"